Alama Elfu Tatu na Moja

Jamhuri ya Awali ilikuwa nchi ya amani kubwa, kiasi kwamba askari walilazimika kuilinda amani hiyo kila kona ya barabara. Haikuwa na matajiri wala maskini, wakubwa wala wadogo. Ilikuwa na alama tu.

Kila raia aliyetimiza miaka kumi na minne alicheza sataranji mara nne kwa mwaka mbele ya msimamizi wa serikali. Akishinda aliongezewa alama, akishindwa alipunguziwa. Alama ziliandikwa kwenye kitambulisho kwa herufi kubwa kuliko jina la mwenyewe. Mwenye alama elfu moja na mia tano aliingia kwa daktari bila foleni, mwenye mia nane alisubiri, na mwenye mia tatu alishauriwa kwa upole asiugue. Yule ambaye alama zake zilifika sifuri hakufungwa wala kupigwa, maana Awali ilikuwa nchi yenye huruma. Ilikatazwa tu kumwitikia. Angeweza kusema chochote, popote, kwa sauti yoyote, na kwa mujibu wa sheria hakuwa amesema kitu.

Ilikuwepo pia Sheria ya Kutangulia. Katika sataranji anayeshika kete nyeupe ndiye anayeanza, na sheria ilisema kete nyeupe ni haki ya mwenye alama nyingi. Basi aliye juu alianza, na kwa kuwa aliyeanza alishinda mara nyingi zaidi, alibaki juu. Serikali iliuita utaratibu huu usawa wa fursa. Juu ya wote alikaa Mkuu wa Nchi, Mtukufu Mtangulizi, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameanza kila mchezo alioucheza na kuushinda.

Machumu Lwanda alikuwa karani katika Wizara ya Alama. Alikuwa na alama mia saba na arobaini, mke aliyeitwa Nyamizi, binti mmoja, Sayi, aliyekuwa shule ya bweni, na woga. Wengine huogopa kunapotokea jambo. Machumu aliogopa kwa ratiba, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya kuoga, ili jambo likitokea limkute tayari. Kazi yake ilikuwa kukokotoa alama za mikoa mitatu. Mwaka fulani, kwa bahati mbaya tu, hesabu zilimwonyesha kwamba katika kila michezo mia, anayeanza huvuna ushindi mara hamsini na tano, hata wachezaji wawe sawa kwa kila kitu. Yaani sehemu ya ukubwa wa wakubwa ilikuwa ni rangi ya kete. Machumu aliitazama karatasi ile, akatazama mlango, akaitafuna karatasi na kuishushia na chai ya ofisini. Kwa wiki mbili aliogopa hata kupiga mwayo, maandishi yasije yakaonekana.

Kwa hiyo Katibu Mkuu wa Wizara, Bibi Sikudhani Mpangala, alipoingia mwenyewe chumbani kwake Jumatatu moja na kufunga mlango, Machumu alidhani ni ile karatasi.

"Kaa, Lwanda," alisema Katibu Mkuu, ingawa Machumu alikuwa amekaa. "Alama za Mtukufu zimegoma. Ziko elfu mbili mia tisa na themanini na sita, na kwa miaka kumi na mmoja hazijasogea. Kila mwezi anamfunga mtu ubaoni, na kila mwezi hazisogei. Baada ya miezi miwili ni Jubilei, na mabango ya alama elfu tatu yameshachapishwa. Nieleze mashine zenu zina nini."

Machumu alishusha pumzi, na kwa furaha ya kuona siyo ile karatasi, akafanya kosa la maisha yake. Alieleza.

"Mashine ni nzima, Mheshimiwa. Alama hutolewa kulingana na unayemfunga. Ukimfunga aliye sawa nawe unapata nyingi. Ukimfunga aliye chini sana hupati kitu, kama mtu mzima aliyemshinda mtoto kwa mbio. Mtukufu hana wa kumwongezea. Anahitaji mtu wa kiwango chake."

"Hakuna mtu wa kiwango chake."

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Waliovuka elfu mbili wote wako mafunzoni."

"Ndiyo, Mheshimiwa." Machumu aliwajua kwa majina, maana yeye ndiye aliyewafuta kwenye orodha. Mafunzo yale hayakuwa na tarehe ya kurudi.

Katibu Mkuu alimtazama kwa muda mrefu, kama mama mwenye nyumba anavyomtazama kuku uani siku mgeni anapofika.

"Wewe unajua kucheza?"

"Najua kete zinavyotembea tu. Kazi yenyewe inadai."

"Una kiburi?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Una ndugu nje ya nchi?"

"Sina."

"Vizuri," alisema Katibu Mkuu, akatoka.

Ijumaa yake Gazeti la Serikali lilitangaza kwamba, baada ya uhakiki wa kina, imegundulika kuwa Bwana Machumu Lwanda, mcheza sataranji mashuhuri aliyekuwa amejificha kwa unyenyekevu wake, ana alama elfu mbili mia tisa na sabini. Machumu alipiga hesabu palepale, akiwa amesimama penye kibanda cha magazeti. Mtukufu akimfunga mtu wa alama hizo atapata kumi na tano. Atafika elfu tatu na moja. Ile moja ya ziada, gazeti lilisema baadaye, ni kwa ajili ya taifa.

Jirani ambaye kwa miaka sita alimwaga maji machafu mlangoni kwa Machumu alikuja na mkungu wa ndizi. Zahanati ilituma muuguzi kumuuliza kama hajisikii kuumwa. Mwalimu mkuu wa shule ya bintiye aliandika barua kuomba radhi kwa viboko vya muhula uliopita.

Nyamizi alizipika zile ndizi. Walipokaa kula ndipo alipouliza.

"Baba Sayi, waliofika elfu mbili wako wapi?"

"Mafunzoni."

"Na wewe wamekuweka karibu elfu tatu."

"Ndiyo, Mama Sayi."

Nyamizi alikisogeza chakula pembeni. "Ukishindwa watakufanya nini?"

"Inategemea nitashindwaje."

Huo ndio ulikuwa ukweli, na Machumu aliujua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mafaili yalipita mezani kwake. Profesa mmoja aliwahi kufungwa na Mtukufu kwa hatua tisa tu, akashtakiwa kwa kumdharau Mkuu wa Nchi kwa ushindi rahisi. Mwalimu mmoja alifikisha hatua sabini na mbili kabla ya kushindwa, naye akashtakiwa kwa kuchelewesha chakula cha Ikulu. Kanali mmoja aliinua macho katikati ya mchezo akapendekeza suluhu. Tangu siku ile neno suluhu lilikuwa limeondolewa kwenye kamusi za shule. Baada ya hapo Wizara, kwa kuwahurumia wananchi, ilitoa kijitabu cha hatua thelathini na moja: Mtukufu anaanza hivi, wewe unajibu hivi, mpaka hatua ya mwisho mfalme wako ananaswa kwa heshima zote. Kila aliyeitwa kucheza alipewa kijitabu hicho ili akikariri.

Machumu alikikariri mpaka akawa anakisema usingizini. Nyamizi alikaa upande wa pili wa ubao akisogeza kete za Mtukufu, naye akashindwa mara sita kwa siku, vizuri kabisa, bila kosa.

Siku ya Jubilei uwanja ulijaa tangu saa mbili asubuhi. Meza iliwekwa katikati ya nyasi, na kioo kikubwa cha kuonyeshea picha kilisimamishwa ili watu elfu arobaini waone kila hatua. Machumu alivalishwa suti ya Wizara iliyombana makwapani. Alipoketi aliikalia mikono yake, isije ikamsaliti.

Mtukufu Mtangulizi alikuja taratibu, mzee mnene mwenye uso wa kupendeza na macho yaliyozoea kutazama juu ya vichwa vya watu. Alishika kipaza sauti. Katika kijitabu hakukuwa na hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema. "Kuna vibaraka huko nje, na nchi zinazowalisha, wanaosema kwamba mimi hushinda kwa sababu huanza. Wamefanya hesabu zao. Wanasema anayeanza ana nafuu. Leo, mbele yenu na mbele ya historia, nitawaziba midomo. Nitacheza kete nyeusi. Nitakuwa wa pili, nami nitashinda." Akakiweka kipaza sauti chini, akamgeukia Machumu. "Anza wewe."

Uwanja ulishangilia kwa sababu uliambiwa ushangilie. Msimamizi aliugeuza ubao na kubonyeza saa ya mchezo, na saa ikaanza kula dakika za Machumu.

Machumu alimtafuta Katibu Mkuu kwa macho. Bibi Sikudhani alikuwa anatazama viatu vyake. Kwa mujibu wa Sheria ya Kutangulia, raia kuanza mbele ya Mtangulizi ni uhaini. Kwa mujibu wa sheria nyingine, kutotii amri ya Mtangulizi ni uhaini vilevile. Machumu alikaa kati ya uhaini na uhaini, suti inambana. Kila alilokariri lilikuwa la kujibu. Hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuanza, wala yeye hakuwahi kuwaza kwamba atahitaji kujua. Dakika ya nne ikapita. Ya tano. Mwishowe alitoa mkono mmoja chini ya paja, akamshika askari aliye mbele ya mfalme wake, akamsukuma hatua mbili. Alifumba macho akisubiri.

Hakuna kilichotokea. Alipofumbua, ilikuwa zamu ya Mtukufu, na Mtukufu alikuwa hachezi.

Kwanza Machumu alidhani anawaza. Mtangazaji naye alidhani hivyo, akawaeleza wananchi kwamba Mtukufu anaiona mbali, pengine hatua hamsini mbele. Lakini Machumu alikuwa karibu, mkono mmoja tu kutoka uso ule, na mtu aliyeogopa maisha yake yote huujua woga anapouona kwa mwingine. Jasho jembamba lilitokeza juu ya mdomo wa Mtukufu. Mkono wake ulielea juu ya kete, ukashuka kwa farasi, ukaanza kumsukuma mbele, moja kwa moja, kama mtu anayesukuma kikombe. Farasi hatembei hivyo. Mtoto wa darasa la sita anajua.

Ndipo Machumu alipoelewa. Kile kijitabu hakikuandikwa kwa ajili ya wananchi. Mtukufu Mtangulizi alikuwa anazijua hatua thelathini na moja za kete nyeupe, kwa mpangilio ule ule, na baada ya hapo hakujua kitu. Kabla ya kijitabu alisukuma kete alivyotaka, na hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea; miaka yote alikuwa hajacheza sataranji hata siku moja.

Kama atamwacha amsukume farasi vile, watu elfu arobaini wataona. Mwenye kosa atakuwa nani? Atakuwa yule aliyeketi mbele yake. Machumu alitoa leso, akaiweka mdomoni, akakohoa.

"Askari wa mbele ya mfalme," alinong'ona ndani ya kikohozi. "Hatua mbili, Mtukufu."

Mkono ulisimama juu ya farasi. Macho yaliyozoea kutazama juu ya vichwa yakashuka polepole mpaka yakakutana na ya Machumu. Kisha mkono ukamwacha farasi, ukamsukuma askari hatua mbili. Uwanja ukalipuka kwa vifijo.

Ndivyo walivyocheza. Machumu alicheza kete nyeupe kwa mkono na kete nyeusi kwa kikohozi. Ilimbidi ajifunge mwenyewe, na alikuwa mchezaji wa alama mia saba na arobaini, kwa hiyo hakujua vizuri hata namna ya kujifunga. Katika hatua ya kumi na tisa alisogeza malkia wake bila kuangalia, na alipouondoa mkono aliona, kwa hofu iliyomtoa machozi, kwamba karibu ashinde. Hatua moja zaidi na mfalme wa Mtukufu angenaswa mbele ya taifa. Alikohoa mpaka mishipa ikamsimama shingoni. "Ngome. Kula malkia. Kula, tafadhali." Mtukufu alimla malkia. Mtangazaji alisema hajawahi kuona mtego mtamu kama ule, na kwamba Bwana Lwanda sasa amepatwa na kifua kwa kuukaribia ukuu.

Katika hatua ya thelathini na tatu mfalme mweupe alinaswa. Kioo kikubwa kiliandika elfu tatu na moja. Mizinga ilipigwa. Mtukufu alimpa Machumu mkono, na mkono ule ulikuwa wa baridi.

Nyamizi alikuwa akimngoja uani, na aliposikia lango alisimama, akashika nguzo ya kamba ya kuanikia nguo.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi. Mama Sayi, hajui kucheza."

"Nani?"

Machumu alionyesha juu kwa kidole. Nyamizi alichukua nguo moja mbichi kutoka kwenye kamba, akaikunja kana kwamba imekauka.

"Hukuniambia neno hilo," alisema. "Na mimi sikuwepo hapa. Nilikuwa kisimani."

Lakini alikuwa amesikia, na kuanzia siku hiyo kulikuwa na watu wawili wa kuogopa katika nyumba ile.

Wiki moja baadaye gari la Ikulu lilikuja saa nane mchana. Machumu alipelekwa kwenye chumba kidogo chenye meza, viti viwili na ubao. Mtukufu alikuwa peke yake, amevaa kandambili.

"Ulikohoa sana siku ile," alisema.

"Kifua, Mtukufu. Vumbi la uwanjani."

"Kohoa tena hapa, basi." Mzee aliinua kete kutoka ubaoni na kuitazama. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa ndogo. "Huyu farasi. Anatembeaje?"

Machumu alifundisha kila Jumanne. Aliogopa njiani kwenda na aliogopa njiani kurudi, lakini ndani ya chumba kile, lazima isemwe, kulikuwa na nyakati alizosahau. Mtukufu alimpenda farasi kama mtoto anavyopenda mwanasesere. Alicheka peke yake farasi aliporuka juu ya kete nyingine. Alisema hakuna waziri anayeweza kufanya hivyo. Siku moja alisimulia kwamba alipochukua nchi alitaka kujifunza, lakini kila aliyemwomba amfundishe alipiga magoti na kusema Mtukufu hana cha kufundishwa. Baada ya hapo aliona aibu kuuliza, na baada ya miaka mingi ya vifijo akaamini kwamba hata kete nyeusi zitajicheza zenyewe.

Nyumbani Nyamizi alihesabu kwa namna yake. "Mpeleke polepole," alisema. "Siku akijua, hakuhitaji."

"Nampeleka polepole."

Alijitahidi. Alimfundisha farasi wawili kwa miezi mitatu. Lakini mzee hakuwa mjinga, alikuwa tu hajawahi kuambiwa amekosea, na sasa alipoambiwa alikua kama mmea uliotolewa chini ya pipa. Mwezi wa nane, Jumanne yenye mvua, walicheza mchezo wa kweli. Machumu alishika kete nyeupe na hakujifunga. Alicheza kwa uwezo wake wote, kwa sababu mzee alimwamuru hivyo. Katika hatua ya arobaini Mtukufu alisogeza farasi, akatazama, akatazama tena.

"Hana pa kwenda," alisema taratibu. "Mfalme wako hana pa kwenda."

"Hana, Mtukufu. Umeshinda."

Mzee aliinuka akazunguka meza, mikono kichwani, kandambili zinapiga sakafu. Machozi yalimtoka. Machumu naye, kwa muda mfupi, alifurahi pamoja naye kama mwalimu yeyote. Kisha Mtukufu alisimama dirishani akimpa mgongo, na alipouliza ilikuwa sauti ya zamani, ile ya kipaza sauti.

"Ni nani mwingine anayejua kwamba nilikuwa sijui?"

Machumu alimwona Nyamizi akikunja nguo mbichi. Alijua kwamba akitetemeka kidogo tu itatosha. Akaikalia mikono yake.

"Mimi peke yangu, Mtukufu."

"Mkeo?"

"Mke wangu anajua nilipata kifua."

Mvua ilipiga dirisha. Mtukufu alibaki dirishani kwa muda uliomtosha Machumu kuuaga mwili wake wote, kuanzia miguu kwenda juu.

"Walitaka nikupeleke mafunzoni," Mtukufu alisema mwishowe. "Nimekataa. Wewe ni mwalimu wangu." Aliketi, akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi. "Nakufutia alama. Zote. Utakwenda nyumbani salama, na ukitaka kusema, sema."

Akaisukuma karatasi mbele yake. Ilikuwa na sifuri moja, ya duara zuri sana.

Hakukuwa na gari la kumrudisha. Redio ilikuwa imetangaza kabla hajafika barabara kuu, na Machumu aliona tangazo likimtangulia mtaani. Muuza magazeti hakuiona salamu yake. Jirani wa ndizi alimtazama kama mtu anavyotazama ukuta, kisha akamwaga maji machafu mahali pale pa zamani. Askari wa kona hakumwomba hata kitambulisho. Machumu alijaribu kusema jina lake kwa sauti katikati ya njia, na hakuna aliyegeuka.

Alipofungua mlango, Nyamizi alikuwa amesimama jikoni karibu na redio. Kwa sheria, kumwitikia mtu wa sifuri ni kuwa sifuri.

"Nimerudi," alisema Machumu.

Nyamizi hakujibu. Alikwenda akafunga dirisha la mbele, akavuta pazia. Akafunga dirisha la uani. Akampita Machumu bila kumtazama, akafunga mlango na kusukuma komeo, akaweka sikio kwenye ubao wa mlango akasikiliza mtaa kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa bado juu ya komeo. Kisha akageuka.

"Umekula?" aliuliza.